Kushoto Kiha, Kulia Kiswahili

Tulihamia Mwandiga mwezi wa kupanda,
baba na kofia yake ya reli, mama na sufuria tatu,
mimi na Kiswahili changu cha Dodoma
kisichonisaidia kitu kwa jirani.

Nyandwi, mtoto wa saba kwao,
mjane, mvuta kiko, mwenye bustani bondeni
na jino moja la mbele lililokataa kustaafu.
Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni:
bei, punguza, hapana, toka.
"Toka" ndilo nililoambiwa kwanza,
nilipokanyaga tuta la lengalenga.

Kesho yake nikarudi. Nilikuwa na miaka minane
na sikuwa na mtu mwingine wa kumsumbua.
"Mwakeye," nikasema, neno nililopewa na muuza dagaa.
Akanitazama miguu, si uso,
kisha akanisogezea ndoo.

Daftari lilikuwa la hesabu, la miraba,
limebakiza kurasa kumi na tisa.
Nikachora kila alichokishika.
Kushoto neno lake, nililoliandika kwa kusikia;
kulia neno langu, ambalo naye alilirudia
kwa sauti ya mtu anayeonja mchuzi wa jirani.
Imbuto: mbegu.
Amazi: maji. Hawa ni ndugu, nikamwambia.
Akakubali, ila akadai wa kwake ndiye mkubwa.
Rangi tulizitoa palepale:
kijani kwa kusugua majani ya maharage,
nyekundu udongo,
manjano tone la mawese
lililopenya kurasa nne
likampa kila mdudu jua lake.

Siku moja akasema, "Isuka."
Nikasikia suka.
Nikamchora amekaa kigodani,
nami nyuma yake nimezishika nywele, mistari mitano.
Alipoiona akainama. Nikadhani analia.
Alikuwa anacheka, kiko kikamdondoka,
akaenda ukutani akarudi na jembe,
akaligonga kwa ukucha:
isuka! isuka!

Nilitaka kufuta.
Akaweka kiganja juu ya ukurasa,
kiganja kizito kuliko daftari lote.
Jioni akafungua kilemba,
mvi fupi kama miche ya siku ya nne,
akaketi chini mbele yangu
ili picha isiwe ya uongo.
Sikujua kusuka. Alipata mistari miwili na nusu,
mmoja umepinda kama mfereji uliochimbwa usiku.
Akaenda nayo sokoni hivyohivyo, wiki nzima,
na aliyeuliza akajibiwa kwa Kiha
maneno ambayo hayamo kitabuni.

Uhamisho ulikuja maharage yakiwa na maua.
Kitabu kimoja, wenyewe wawili.
Nikamwambia abaki nacho.
Akasema yeye hajui kusoma,
mimi sijui kulima,
sasa kati yetu nani ana shida zaidi?
Akatia konzi ya mbegu katikati ya kurasa,
akafunga kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili.
"Ibiharage," akasema,
neno nililolijua tangu mwezi wa kwanza.

Behewa letu lilivuja kutoka Malagarasi hadi Tabora.
Kapu lilikuwa chini ya kiti, likinywa.
Dodoma sikulifungua siku sita, nimenuna.
Ya saba nikakata kamba.

Wino ulikuwa umekimbia,
kushoto kumehamia kulia,
imbuto imelala juu ya mbegu,
haisomeki ipi ya nani.
Na kwenye ukurasa wa jembe ambalo si jembe
haragwe moja lilikuwa limetoboa karatasi
palepale utosini mwake,
limekunja shingo nyeupe,
limebeba ganda kichwani kama kofia ya mgeni.

Mama akasema kitupwe, kimeharibika.
Nikamwomba sufuria moja.