Hodi ya Nne

Mhadhiri alichora mstari mwekundu chini ya sentensi yangu,
pembeni akaandika: Chanzo?
Nilikuwa nimesema kwamba hodi hupigwa mara tatu;
ya tatu isipoitikiwa, mwenye adabu hugeuza miguu.
Nikawaza usiku kucha. Nikaongeza kwenye marejeleo:
Sikudhani binti Mbwana, mazungumzo ya simu,
Jumapili, Pangani hadi Hull. Ukurasa hakuna.
Akanipa hamsini na nane.

Nina miaka arobaini na mmoja. Usiku nageuza wazee vitandani
katika nyumba ya kulelea, barabara ya Holderness.
Asubuhi nasinzia juu ya Nadharia ya Mifumo,
kalamu ikiteremka ukurasani kama konokono aliyepotea.
Binti yangu hunihoji kwa kadi nilizoandika mwenyewe:
"Mama, uwezeshaji ni nini?"
"Ni kumwacha mtu akoroge uji wake,
hata ukiona utaungua."
Anageuza kadi. "Hapa hawakusema hivyo."

Niliandika pia kwamba kwetu kazi hii haikuwa na shahada:
mgonjwa alipelekewa chakula, mfiwa alikaliwa matanga.
Na yule ambaye mtaa mzima ulimchukia
hakupelekewa kitu.
Hapo hakuna aliyeniuliza chanzo.

Novemba nikaanza mafunzo kazini,
ofisi iliyo juu ya duka la mazulia,
chini ya Lorraine Thackray, anayekula biskuti amesimama.
"Usiandike 'anaonekana mpweke'," alisema.
"Andika ulichokiona."

Niliona hivi. Bwana Ellerby, miaka themanini na miwili,
ghorofa ya sita, lifti mbovu.
Ameunda karavani kiwandani miaka thelathini,
hajawahi kulala ndani ya hata moja.
Ziara ya kwanza alifungua kwa hodi ya tatu
akidhani mimi ni mtu wa mita.
Koti la kike juu ya kiti; sikuruhusiwa kukikalia.
Mita ilisoma peni thelathini na nane.
Fomu iliuliza: Je, anaweza kujiandalia kinywaji cha moto?
Nikaandika ndiyo.
Sikupata kisanduku cha kuandika
kwamba alinipa mimi kikombe kizima,
yeye akanywea kilichomeguka,
akiuficha mdomo wake mbovu kwa kidole gumba.

Leo nimepiga ya kwanza.
Ya pili.
Ya tatu.

Viatu vyangu vimeshaelekea ngazi, vimelelewa vizuri.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili unasema ana haki ya kukataa.
Ukurasa wa mia na kumi na tatu unauliza
kama una hakika aliyekataa yu hai.

Nikapiga ya nne.

Nikapiga na magoti, penye tundu la barua.
Baridi ilikuwa ikitoka ndani.
"Bwana Ellerby. Ni mimi. Si mtu wa mita."
Redio. Mpira. Mtu fulani kakosa penalti.
Kisha sauti, mbali, labda kutoka kwenye kile kiti:
"Leo sitaki."
"Haya," nikasema, kwa Kiswahili, bila kukusudia.
Naye hakuuliza maana yake.

Nikakaa kwenye ngazi, fomu magotini.
Saa nane na dakika kumi. Nikafuta.
Saa mbili na dakika kumi, saa yao.
Hakufungua. Yu hai. Redio inalia. Amesema leo hataki.
Kuhusu mita niliacha mstari mmoja mtupu,
nimuulize Lorraine, na kama hajui,
tusimame wote wawili na biskuti zetu.

Usiku, kabla ya zamu, nitampigia mama
nikiri kwamba nimepiga ya nne.
Atanyamaza kidogo, salio likiisha,
kisha ataniuliza:
"Lakini aliitika?"