Mteja Asiye na Dole Gumba

Siku sita kwa wiki nasema maneno yale yale
katika chumba cha hatua nne, nyuma ya Soko la Mbuyuni:
kaa wima, usicheke,
vua kofia, masikio yaonekane,
usipepese.
Pazia la buluu, kiti kimoja, picha nne kwa dakika tano.

Jumapili nilifunga duka,
nikavuka mashamba ya mpunga viatu mkononi,
Msitu wa Rau ukungu ungali magotini.
Kaanaeli, mlinzi, alitangulia bila neno,
buti zake za mpira zikifyonza tope.
Chini ya mvule akasimama,
akanyoosha kidevu badala ya kidole:
"Wapo."

Kwanza nilisikia tu,
koo linalokoroga kokoto.
Halafu tawi likainama pasipo upepo
na mkia mweupe ukaning'inia
kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Niliinua kamera. Mbega wakageuka,
wakanipa migongo, yote sita,
wabishi kuliko bwana harusi mwenye deni.
Mmoja akakojoa, tiriri, kando ya lenzi.
Kaanaeli alicheka kwa mabega.

Nikangoja. Siafu wakaijua njia ya suruali yangu.
Nikangoja. Betri ikabaki mstari mmoja.

Saa tatu hivi, jua lilipopenya,
mama mmoja alishuka tawi moja, moja tu,
akafungua mikono:
kitoto cheupe pepepe, toka utosini hadi mkiani,
picha ambayo bado haijasafishwa.

Nikauona mkono uliokipakata.
Vidole vinne virefu, na pale pa gumba
kinundu, basi.
Nikawakumbuka wanaokuja kwangu na fomu,
wasiojua kalamu, wakiuliza: dole nitie wapi?
Huyu hana hata hilo.

Nyumbani, ukutani, yupo babu,
ngozi ya mbega mabegani, manyoya meupe yakimwagika.
Nimeifuta vumbi picha ile tangu utoto.
Jina la babu nalijua.
La mwenye ngozi sikuwahi kuuliza.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Kitoto kikapepesa,
kikapinda shingo, sikio moja likapotea,
kikacheka, au kilipiga mwayo,
kila kosa ninalolikataza.

Nilipiga moja.
Imetoka na ukungu upande wa kushoto.
Jumatatu nikaibandika dukani, kando ya kioo,
na mteja wa kwanza, mwenye haraka zake,
aliitazama mpaka akasahau kukaa.
"Na huyu," akauliza, "anasafiri kwenda wapi?"