Kokoto

Leh ilikuwa bado imelala nilipopunguza upepo wa matairi,
nusu kwa kidole, nusu kwa imani,
nikatia aprikoti kavu mfukoni, nikaanza kupanda.

Hewa ya huku juu ni bahili.
Inakupa kijiko, inakudai kikombe.
Nilihesabu: pedali nne, pumzi moja,
kisha pedali tatu, kisha mbili,
kisha nikaacha, maana hesabu nayo inakula hewa.

Malori ya jeshi yalinipita na majina ya miungu vifuani.
Vumbi lao nililitafuna
kama mlo usio na kitoweo.

Kona ya kumi na nne, damu inagonga masikioni.
Kona ya kumi na tano, mbuzi wa mtu, bila mtu.
Ya kumi na sita siikumbuki.
Ya kumi na saba, tairi la nyuma likapiga mluzi
likakaa kitako.

Ubavuni, mpasuko wa urefu wa ukucha.
Kiraka kilikataa. Gundi ilikuwa imeganda kichupani.
Nilikuwa mita elfu nne na mia tisa
juu ya bahari ambayo sijawahi kuiona.

Ndipo niliposikia nyundo.
Ko. Ko. Ko-ko.

Mwanamke juu ya gunia, skafu ya kijani hadi chini ya macho,
pipa la lami likifuka nyuma yake.
Kushoto kilima cha mawe makubwa,
kulia kilima cha mawe madogo,
na kati ya vilima hivyo, mikono miwili.

Sonamuni Hembrom, wa Dumka,
siku nne kwa treni na basi, msimu wake wa sita.

Alilichokoa jiwe tairini kwa kucha,
akaligeuzageuza juani kama anayekagua sarafu.
“Hili langu,” akasema. “La jana jioni.
Baridi iliniwahi, nikalipiga mara moja badala ya mbili.”

Nikamwambia, nikijichekesha,
kwamba baiskeli hii inaitwa ya changarawe,
imeundwa kwa barabara kama hii.
Aliitazama barabara.
“Changarawe hufanywa na mto,
na mto haudai ujira wa siku.
Hizi ni kokoto.”

Akatoa shazia, ile ya kushonea magunia.
Ndani ya tairi akaweka kipande cha mfuko wa saruji,
amekikunja mara nne,
akashona mishono sita, akakata uzi kwa jino la pembeni.

Noti yangu hakuikataa kwa maneno.
Aliitazama tu mpaka ikarudi mfukoni yenyewe.
Badala yake akaushika mkono wangu,
akaandika namba kumi kwa kalamu ya msimamizi.
“Kule chini mtandao ukikushika, mwambie Phulmani
karo nimempa Lakhiram.
Na yule mbuzi mweusi asimuuze.”

Kupanda mchongoma, wanasema, kushuka ndio ngoma.
Niliicheza kilomita thelathini na moja,
breki zikinuka, vidole vimekufa ganzi,
na chini yangu ule mchakato wa mawe
ambao miaka yote niliuita muziki.
Sasa kila jiwe lilikuwa na jana yake jioni.
Nilisimama juu ya pedali
kama mtu anayeinuka kitini mkubwa akipita.

Darajani simu ikatetemeka mara kumi na moja.
Jasho lilikuwa limeila namba ya mwisho:
ama moja, ama saba.
Nikajaribu moja. Mzee wa mji mwingine kabisa
akanitukana kwa lugha safi.
Nikajaribu saba.

“Nani?” Sauti nyembamba.
Nikatazama mkono, vumbi, ile mishono sita.
“Mpita njia. Mama yako anasema karo anayo Lakhiram,
na yule mbuzi mweusi…”

“Nimeshamuuza.”

Kimya, kama nyundo ikiwa hewani.

“Ukipanda tena,” akasema, “usimwambie.”

Nililibonyeza tairi kwa kidole gumba.
Upepo ulikuwa bado umo.