Daftari la Zamu

Kipele cha kwanza kilikuja Februari,
barafu imeshika reli zote za Łódź,
nami nimekalia tramu ya alfajiri.
Kilikuwa kama punje ya mtama.
Nikakibinya, kikaondoka.
Wiki tatu baadaye kikarudi na ndugu zake wawili.

Nilimshtaki kwanza Ireneusz, mume wangu,
kimoyomoyo, usiku, nimempa mgongo.
Nikahesabu safari zake za Poznań.
"Una nini?" akauliza. "Kichwa," nikasema.
Kichwa kilikuwa kizima.
Kilichowaka ni kinena,
mahali ambapo mama yangu hadi anakufa
alipaita "huko."

Nikashtaki sabuni. Nikashtaki suruali ya kazi,
ile ya nailoni tunayogawiwa,
na saa nane juu ya kiti kisichopumua.
Nikapaka siki. Nikapaka krimu ya Halszka,
aliyoipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu,
nikaendesha siku nzima kama niliyekalia jiko.

Ndipo nikaligeuza daftari la zamu,
lile la breki na milango mibovu,
nikaanzia nyuma:

Machi nne: viwili, kushoto, vyekundu.
Machi kumi na tisa: kimoja, kichwa cheupe.
Aprili mbili: hakuna. Hakuna!
Aprili sita: vinne. Jumamosi tulikwenda bwawani.

Mficha uchi hazai, husemwa.
Mimi nilikwishazaa wawili
na bado nikaficha mpaka Mei.

Daktari Pelagia alisoma daftari
kabla ya kunisoma mimi.
Akavuta taa, akainama na lenzi yake,
hakuguna, hakusema pole.
"Kabla ya bwawa, hufanya nini?"
"Hunyoa."
"Kwa wembe gani?"

Nikatazama dari.
Wembe wa Ireneusz, wenye kutu pembeni,
nikiupeleka juu, kinyume cha nywele,
pawe laini kama shavu la mtoto.

"Unywele ukikatwa hivyo hubaki na ncha," akasema.
"Ukiota hujikunja, hurudi ndani ya ngozi,
na mwili huupiga wa kwake ukidhani ni mgeni."
Hata hivyo alichukua usaha kwa kijiti,
maana vipele si ukoo mmoja:
viko vya kuambukizwa,
viko vinavyochimba njia chini kwa chini.
"Na kubinya," akasema, "uache leo."

Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilipekua
nguo, kitanda, mifuko ya koti la mtu.
Sikupekua mkono wangu.

Jioni nilimwambia Ireneusz yote,
hata habari ya Poznań.
Alikaa kimya muda mrefu, kijiko hewani.
"Kumbe," akasema, "ndiyo maana wembe wangu haukati."

Juni tisa: kimoja, kinanywea. Sikunyoa, sikubinya.
Majibu ya maabara Alhamisi.
Breki ya behewa la pili bado inalia.