Mfasiri wa Safu ya Nne

Kiingilio bure, walisema, na kweli:
mlangoni binti mwenye beji
alinipa karatasi iliyokunjwa mara tatu,
filamu sita, siku nne, zote za Japani,
zote za miaka hii hii.
Tumekuja Upanga na panga halimo hata moja.

Miye za panga ndizo nilizozitafsiri
Tandika, miaka kumi na mmoja,
kwa kipaza sauti kilichofungwa selotepu.
Mia mbili kichwa, watoto mia.
Nilikuwa sauti ya kila mtu:
jambazi, bibi harusi, mbwa.
Kijapani sikujua hata salamu.
Nilitazama midomo, nikaipachika ugomvi wa kodi ya pango;
mwenye upara nikambatiza Mjumbe,
na watu wakacheka hadi mabati yakaitikia.

Leo nimekaa safu ya nne kama mkwe ukweni.
Kiyoyozi kinanitafuna magoti.
Shangazi Mwajabu kajitanda khanga ya pili,
miwani kaisahau Mbagala,
Kiingereza alikisahau zamani zaidi.

Hotuba. Makofi. Taa.

Mzee anafagia mbele ya duka la baiskeli.
Anafagia.
Bado anafagia.
"Wanapigana saa ngapi?"
"Hawapigani, shangazi."
"Sasa tumefuata nini?"
Maandishi yanakimbia chini, meupe, ya Kiingereza;
namsomea sikioni: bintiye anakuja kesho,
anataka baba auze duka, ahamie kwake ghorofani.
"Na mkewe?"
Mkewe hajatajwa. Ila shangazi ameshaona
viatu vya kike mlangoni, na vumbi lake.

Sauti yangu haijui kunong'ona,
imelelewa na jenereta.
Nyuma mtu akakohoa. Nikanywea.
Kisha mkono begani, nikajua natolewa nje.
"Kaka, ongeza kidogo. Huku hatusikii."

Nikaongeza. Safu ya tano, ya sita,
vichwa vikaniinamia kama kuku kwenye pumba,
na hapo shetani wa Tandika akanipanda:
binti alipomwambia baba yake, "Umechoka,"
mzaha ulishanijaa mdomoni, mtamu,
ungeangusha ukumbi.
Nikautazama uso wa yule mzee.
Nikaumeza.
"Umechoka, baba," nikasema, basi,
nikashangaa neno lilivyo zito likiachwa peke yake.

Halafu usiku, dukani.
Mzee kachuchumaa, karai la maji mbele yake,
anazamisha mpira wa tairi, anauzungusha,
kipande kwa kipande, anatazama.
Maandishi hakuna. Muziki hakuna.
"Anasemaje?" wakauliza wa nyuma.
"Hasemi."
"Anatafuta panapovuja," shangazi akawajibu,
kwa sauti kubwa kuliko yangu, bila kugeuka.
Na baadaye, kwangu tu:
"Marehemu Mzee Shomvi alikuwa anatia sabuni.
Huyu hatii sabuni."
Povu moja likapanda, dogo kama punje ya mtama.
Mzee akaweka kidole juu yake,
na picha ikakaa hapo,
ikakaa,
hadi majina yakaanza kupanda.

Nje joto likatupokea kama ndugu asiyejua salamu fupi.
Watu wawili walinipa mkono. Mmoja aliuliza
kama kesho nitakuwepo, safu ile ile.
Shangazi alikuwa mbele, anavuka barabara bila kutazama magari,
akasimama katikati ya mstari mweupe:
"Yule binti. Duka wakaliuza?"
"Hawakusema."
"Hawakusema?"
"Imeisha hivyo."
"Basi sema wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Tandika nisingeruhusu mtu atoke bila mwisho;
ukikatika umeme ningeutunga gizani.
Toka pale hadi Mnazi Mmoja nilitembea kimya,
nazungusha, nazungusha,
natazama povu litokee wapi.