Maji ya Ovaroli

Kila Jumatatu naletewa ovaroli kumi na moja
kutoka kambi ya wachoronga kinywe, nje kidogo ya Ruangwa,
na maji ya kwanza hubadilika kabla sijatia sabuni:
yanaota ngozi, ngozi ya fedha,
kama samaki mkubwa kalala beseni zima
na hataki kuamshwa.

Nimefua damu ya bucha.
Nimefua utomvu wa korosho, ambao hautoki, nguo huzeeka nao.
Hiki hakigandi. Unakisugua, kinateleza,
unakisugua tena, kinakucheka.
Asumini akachovya kidole
akaandika jina lake ukutani, juu ya chokaa mpya.
Nikamfinya. Kisha nikasimama, nikalisoma.
Limekaa sawa kuliko kwenye daftari.

"Ni penseli hiyo, baba," machozi bado yananing'inia.
"Unafua penseli."

Chilumba wa maabara akaja kuchukua shati
nami napuliza pasi, cheche zinaruka.
Akanyoosha kidole kwenye pasi, akakinyoosha kwenye beseni:
"Fundi, huyu na huyu ni mtu mmoja. Kaboni."
Nikamwambia kaboni naijua,
ni ile karatasi nyeusi inayolala kati ya stakabadhi mbili,
karani akibonyeza juu, chini anazaliwa mdogo wake.
"Hata weusi wake," akasema, "ni masizi. Ni yuleyule."

Akanieleza, nami nanyoosha kola,
kwamba jambo lenyewe ni kushikana tu.
Kinywe wamepangana safu juu ya safu, kama karata,
ya juu ukiisukuma inaondoka bila ugomvi.
Almasi kila mmoja kashika wenzake wanne,
hakuna wa kumsogeza jirani.
Mkaa ni watu wa mnada wa ufuta mvua inapoanza,
huyu huku, yule kule, katikati nafasi tele,
ndiyo maana ukiutumbukiza mtungini
harufu ya maji ya bwawa huingia humo ikapotea njia.

"Na gesi ya Msimbati?"
"Nayo."
"Sukari?"
"Nayo."
"Na mimi?"
Akanipima kwa jicho, kama anayenunua mbuzi.
"Kilo kumi na mbili hivi."

Alipoondoka nilisimama mbele ya kioo cha wateja.
Madebe mawili ya mkaa,
yanatembea, yanadaiwa kodi ya chumba.

Sikumwambia Chilumba kuhusu mama.
Pale wanapochoronga ndipo lilipokuwa tanuri lake,
usiku saba akilinda moshi usigeuke mwali,
weusi wake juu, weusi wao chini, hawajajuana.
Jiwe lile aliliokota korongoni,
akalisaga, akapaka vyungu vikang'aa.
Aliliita mafuta ya ardhi. Hakuna aliyemuuliza.

Fidia ilipokuja, asili alibaki nayo mthamini.
Mimi nilipewa mdogo wake, nakala ya chini,
naiweka ndani ya kopo la wanga:
*Mikorosho: 14. Tanuri: halilipwi.*
*Kaburi: 1.*
Hiyo moja karani hakuibonyeza.
Imetokea kama pumzi kwenye kioo.

Jana usiku Asumini kaikuta, akidhani ni karatasi ya kuchorea.
Nilikuwa nimeinua mkono.
Akalaza ulimi pembeni mwa mdomo,
akachukua penseli yake fupi, iliyotafunwa mkiani,
akaipitia ile moja, polepole,
juu hadi chini, mpaka ikakolea.

Leo Jumatatu. Ovaroli zimefika.
Maji ya kwanza sijayamwaga.