Picha Isiyo na Jirani

Nilikiona usiku, betri asilimia tisa:
kikamulio cha zabibu, chuma kitupu, mkono wa kuzungushia,
kimesimama peke yake kwenye weupe
kama bwana harusi aliyewahi kufika.
Laki moja na themanini. Nikabonyeza.
Hapa Hombolo tunavuna mara mbili kwa mwaka
na mara zote mbili bei anaijua dalali.
Nikasema msimu huu nakamua mwenyewe.

Boksi lilifika na bodaboda, kalibana kwapani.
Kwapani! Hapo ningeshajua.
Kikamulio kile kile, mkono ule ule,
lakini kimo chake, kikombe cha chai na sahani yake.
Mwanangu Ndahani akakinyanyua kwa vidole viwili:
"Mama, hiki ni cha kukamulia hasira?"

Nilimpigia muuzaji. Simu ikaita mpaka ikachoka.
Nikatuma ujumbe: tiki mbili, kisha kimya cha bluu.
Ndipo Mbeleje wa duka la pembejeo
akanionyesha chini kabisa ya risiti,
pale ambapo macho ya mnunuzi hayafiki,
maneno madogo kama mayai ya chawa:
Una lalamiko? Fungua shauri hapa.

Shauri! Mimi ninayelijua shauri kuwa ni nauli ya kwenda kata,
viti vya plastiki, na mwenyekiti ana msiba, njoo Alhamisi.
Hili nililifungua juu ya jiwe nyuma ya tangi la maji,
maana ndipo mtandao unapokaa,
upepo wa Julai ukinitia vumbi machoni,
pindo la kanga nimeliuma kwa meno.
Namba ya shauri, tarakimu kumi na moja.
Eleza kwa herufi zisizozidi mia tano.
Nikaandika, nikafuta matusi, zikabaki mia mbili na kumi.

Ambatisha ushahidi.
Nikachuma kishada kimoja, chekundu, kizito,
nikakilaza kando ya kile kidude, nikapiga.
Kishada kilikuwa kirefu kuliko mashine.
Hapo nikauona uongo ulikojificha:
haukuwa ndani ya picha yake,
ulikuwa kwenye kile ambacho picha haikukiweka pembeni.
Kitu kisicho na jirani hukijui kimo.

Msuluhishi hakuwa na sura. Alikuwa na herufi mbili
na ahadi ya kujibu ndani ya saa sabini na mbili.
Siku ya tatu muuzaji akaibuka:
Vipimo viliandikwa. Sentimita kumi na nane. Mteja hakusoma.

Ni kweli. Viliandikwa. Sikusoma.
Nilikaa na sentensi ile kama mtu aliyekalia siafu.
Jioni nikajibu: Ni kweli sikusoma.
Nawe uliandika "kwa mkulima".
Nani mkulima wa zabibu kumi?

Msuluhishi akapendekeza nusu. Nikakataa.
Akauliza, na hapo tu nilihisi kuna mtu nyuma ya kioo:
"Mama, hasa hasa unataka nini?"
Kidole kikasimama hewani.
Nilitaka msimu. Nilitaka matenga kumi na manne
yaliyokwisha kwenda kwa dalali kwa bei ya kutupa.
Kisanduku hakina mahali pa kuandika msimu.
Nikaandika: fedha yote.

Siku ya kumi na tisa simu ikalia mfukoni, mimi napogoa:
laki moja na themanini, kasoro elfu sita za usafirishaji.
Kidude hawakukitaka tena. Ndahani anakamulia ndimu.

Kisha swali: Je, umeridhika? Ndiyo. Hapana.
Vitufe viwili, na mimi niko katikati yake.
Nikaiacha simu iingie giza yenyewe.

Februari nimeona kingine, duka jingine, weupe ule ule.
Sijalipa. Nimemwandikia tu:
Ndugu yangu, kabla ya yote,
simama kando yake upigwe picha.